Njia ya Forodhani Kilwa Kivinje, na Watu Waliohesabiwa Humo



Wazee wa pwani husema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili ni la kweli, na katika nchi yetu ya kusini hapana mji uliolishika zaidi kuliko Kilwa. Tangu zamani watu wa Kilwa walipima, walihesabu, walikopesha, na kuandika walichokopesha. Walakini iko habari iliyo kinyume cha methali hii, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike kurasa hizi. Wako watu waliotiwa katika daftari sawasawa, kichwa kwa kichwa, pamoja na ushuru wao, na habari zao zikapotea vilevile.

Huenda mtu akauliza: Kitabu cha Yubilei ya jimbo kina shauri gani na njia ya wafanya biashara? Si afadhali kutaja makanisa, shule na hospitali? Hizo zina kurasa zake. Lakini Yubilei kwa asili yake, tangu Agano la Kale, ilikuwa mwaka wa kufungua: mtumwa arudi kwa jamaa zake, na shamba lililouzwa kwa sababu ya shida lirudi kwa mwenyewe. Basi mtu afanyaye Yubilei katika pwani ya Kilwa na Lindi, asikumbuke deni wala utumwa, amelitaja jina la sikukuu asiijue maana yake.

Mji na njia yake

Kilwa ziko tatu. Ya kwanza ni Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa masultani. Ya pili ni Kilwa Kivinje, iliyo bara, karibu kilomita 30 upande wa kaskazini. Jina lake, wasemavyo wenyeji, latokana na miti ya mivinje iliyo pwani yake. Ya tatu ni Kilwa Masoko, inayotazamana na kisiwa, ambayo sasa ndiyo makao ya serikali ya wilaya. Habari zetu hasa ni za Kivinje.

Msafiri akifika njia panda ya Nangurukuru, akaiacha barabara kuu iendayo Lindi, baada ya mwendo mfupi ataingia Kivinje. Na aifuate njia kuu ya mji kwenda baharini, ataona kushoto na kulia nyumba za mawe na chokaa, nyingine za orofa, zenye baraza mbele, roshani za mbao juu, na milango mipana iliyonakshiwa. Chini palikuwa duka na ghala. Juu alikaa tajiri na watu wake. Nyumba nyingi zimeanguka. Nyingine hazina dari tena, na miti imeota ndani mahali palipowekwa mizani na masanduku ya fedha. Mwisho wa njia ni ufuko, na hapo lasimama boma la Wadachi, likiitazama bahari. Maji yakipwa huenda mbali sana, yakaacha tope na mchanga, na majahazi hulala ubavu hata maji yajae tena.

Anayepita leo huona mji mtulivu wa wavuvi na wakulima, wala hawezi kudhani ya kuwa njia hii fupi ilikuwa siku moja mahali pa fedha pa nchi yote iliyo kati ya bahari na Ziwa Nyasa. Hapakuwa na benki. Nyumba hizi ndizo zilizokuwa benki.

Fedha ya Kisiwani

Tuanze mbali kidogo, kwa kuwa Kivinje ilirithi kazi yake kwa Kisiwani. Katika karne ya 13 na ya 14 masultani wa Kilwa waliishika biashara ya dhahabu iliyotoka Sofala, katika nchi iitwayo sasa Msumbiji. Walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, zenye jina la mfalme. Sarafu moja yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman imeonekana hata Zimbabwe Kuu, mbali sana barani. Ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba kubwa lililo juu ya mwamba wa pwani, na katika siku zake, mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Kilwa, akausifu mji kwa uzuri wake, naye Sultani kwa ukarimu.

Hata mwaka 1502 Vasco da Gama akaja na merikebu zake, akamtisha mtawala Ibrahim, akamlazimisha kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Tusiifiche habari ifuatayo, kwa maana inatuhusu sisi Wakristo kuliko wengine. Dhahabu ile ya Kilwa ilichukuliwa hadi Lisbon, ikafanywa monstransi, yaani chombo cha kuonyeshea Sakramenti Takatifu. Chombo hicho kilimalizika mwaka 1506, nacho kingaliko Lisbon katika nyumba ya makumbusho, na watu husafiri kwenda kustaajabia ufundi wake. Na wakati fundi alipokuwa bado kazini, mwaka 1505, Wareno wengine chini ya Francisco de Almeida walikuwa wamekwisha kuja kuuteka na kuupora mji uliotoa dhahabu ile. Wakajenga ngome, wakakaa hata mwaka 1512, wakaondoka. Basi daftari ya Kilwa ina ukurasa wetu pia, na tangu mwanzo.

Baada ya hayo Kisiwani hakikurudia utajiri wake wa kwanza. Dhahabu ilipokwisha kugeuzwa njia, wafanya biashara walitafuta mali nyingine. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, jina lake Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa: kila mwaka apewe watu 1,000, kila mmoja kwa piastre 20, wapelekwe kulima katika visiwa vya Wafaransa vilivyo katika Bahari ya Hindi. Hapo twaona kwa mara ya kwanza, kwa maandishi yaliyo wazi, binadamu ametiwa bei Kilwa kwa hesabu ya kila mwaka, kama mtu anayeagiza magunia.

Jinsi fedha ilivyokwenda

Karne ya 19 ilipoanza, biashara ilikuwa ikihama Kisiwani kwenda Kivinje. Sababu yake si bandari, kwa maana bandari ya Kisiwani ni nzuri zaidi. Sababu ni njia ya bara. Misafara iliyotoka Unyasa na nchi ya Wayao ilifika Kivinje kwa miguu, bila kuhitaji kuvuka maji. Kisha Seyyid wa Unguja akaitawala pwani yote, na katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho wa Kisiwani akaondolewa, akapelekwa Oman. Tangu hapo jina Kilwa likimaanisha biashara, lilimaanisha Kivinje.

Na tueleze sasa jinsi fedha ilivyokwenda katika njia hii, kwa maana asiyeijua hesabu hawezi kuyafahamu maovu yake.

Tajiri wa Unguja alipokea kitambaa cha merikani kutoka Salem katika Marekani, na kaniki kutoka Bara Hindi, pamoja na ushanga, bunduki na baruti. Vitu hivi alimpa mwenye duka wa Kilwa kwa mkopo. Mwenye duka naye alimpa mkuu wa msafara kwa mkopo. Na mali iliyotolewa hivi kwa kuaminiana pwani waliiita mali kauli. Mkuu wa msafara alikwenda bara mwezi baada ya mwezi, akarudi na pembe za ndovu, sandarusi, na watu. Akilipa deni lake, alipewa mali zaidi. Asipolipa, hakuweza kuonekana tena katika njia ile bila aibu. Kila mkono uliopitisha mali uliongeza faida yake, na faida yote hiyo ilikaa mwisho wake juu ya kichwa cha yule asiyekopa kitu, yaani mateka aliyefungwa kongwa shingoni.

Fedha zilizotumika zilikuwa reale za Maria Theresa, zilizopigwa Austria, na baadaye rupia za Kihindi na pesa za shaba. Ushuru wa forodha ulikuwa wa Sultani, walakini Sultani hakuukusanya mwenyewe. Aliukodisha kwa tajiri mmoja, naye alimlipa fungu lililopatanwa kila mwaka, kisha akakusanya kwa faida yake. Kwa miaka mingi katikati ya karne ile mwenye kukodi alikuwa nyumba ya Jairam Shivji, matajiri wa Kihindi kutoka Kutch. Watu wake walikaa katika forodha za Mrima, Kilwa ikiwa mojawapo. Hata Sultani mwenyewe alikuwa na deni kubwa kwa nyumba ile. Kwa hiyo mtu aliyetamani kuizuia biashara ya watumwa alizuiwa na kamba ndefu ya madeni, iliyofungwa ncha moja katika kasri ya Unguja, na ncha ya pili katika kijiji kilicho kando ya ziwa.

Tusiseme basi ya kuwa jambo hili lilikuwa la taifa moja. Wareno walifungua, Wafaransa waliagiza, Waarabu na Waswahili waliongoza misafara, Wahindi walikopesha, wakuu wa bara waliuza, na Wazungu waliuza nguo na bunduki na kununua pembe. Katika njia ile ya Kivinje mikono yote hii ilikutana. Atakayeichukua habari hii ili amlaumu jirani yake peke yake, ameisoma nusu ya daftari.

Hesabu ya miaka mitano

Mwaka 1859 Waingereza Burton na Speke walifika Kilwa, wakaukuta mji umepigwa na kipindupindu, watu wakifa kwa wingi. Walakini biashara haikusimama. Mwaka uleule Mdachi Albrecht Roscher alitoka Kilwa, akaifuata njia ya misafara hata akafika Ziwa Nyasa. Kila msafiri aliyepita aliona jambo moja: njia ya Kilwa ilikuwa njia ya watumwa kuliko njia nyingine yoyote ya pwani.

Mwaka 1871 kamati ya Bunge la Uingereza ilikaa London kuichungulia biashara hii. Katika taarifa yake imo hesabu iliyotolewa katika forodha ya Kilwa: kwa miaka mitano, tangu mwaka 1862 hata 1867, walipitishwa hapo watumwa 97,203.

Ee msomaji, usiipite namba hii upesi. Igawe kwa miaka mitano, utapata watu zaidi ya 19,000 kila mwaka. Igawe tena kwa siku, utapata watu 53 kila siku, jua likichomoza hata likichwa, siku za mvua na siku za kiangazi, kwa miaka mitano bila kupumzika. Na hawa ni wale waliolipiwa ushuru tu. Waliopitishwa kwa siri hawamo. Walioanguka njiani, kati ya ziwa na bahari, hawamo. Waliokufa vijiji vyao vilipochomwa moto hawamo. Mwenye daftari hakuwa na sababu ya kuwaandika, kwa kuwa aliyekufa hana ushuru.

Tena tazama ile tatu iliyo mwisho wa namba. Karani aliandika kwa uangalifu. Hakusema karibu laki moja, wala hakusema wengi. Alimhesabu hata mtu wa mwisho. Hiyo ndiyo ajabu na huzuni ya kazi yake: alijua kila mmoja thamani yake, wala hatujui kwake jina la hata mmoja.

Mtoto mmoja

Liko jina moja tulijualo, nalo halikutoka forodhani.

Karibu na mwaka 1865 msichana mdogo wa Kiyao, jina lake Swema, alipitishwa njia ya Kilwa. Habari zake ziliandikwa na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Unguja mwaka 1863. Baba yake alikuwa amekufa. Njaa ilipoingia mama yake alikopa nafaka kwa jirani, akashindwa kulipa. Mwenye deni akamtwaa mtoto kuwa malipo, akamwuza kwa msafara uliokuwa ukipita. Mama hakukubali kuachana naye. Aliomba afuatane na msafara. Njiani nguvu zikamwishia, akaachwa nyuma afe, na mtoto akalazimishwa kuendelea mbele.

Swema alifika pwani amedhoofika sana, akapakiwa chomboni kwenda Unguja. Huko, kwa kuwa alionekana hana faida tena, alifukiwa mchangani kama maiti, naye angali hai. Kijana mmoja alisikia kilio chake, akamfukua, akamchukua kwa masista wa misioni, wakamwuguza hata akapona.

Habari hii imepita katika kalamu ya mapadre, nao waliiandika ili Wakristo wa Ulaya wasikie huruma na kutoa sadaka. Walakini kiini chake ni kitu ambacho kila mtu wa kusini alikifahamu: deni la nafaka. Biashara kubwa ya Kivinje haikuishi kwa vita peke yake. Iliishi pia kwa kibaba cha mtama kilichokopwa wakati wa njaa, katika kijiji ambacho tajiri wa Unguja hakukiona kamwe. Kwa miaka yake, yamkini Swema alikuwa mmoja wa wale 97,203. Daftari ya forodha ilimjua kwa ushuru wake. Mama yake alimjua kwa jina.

Njia yafungwa, njia yafunguliwa

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, kupeleka watumwa kwa bahari kukakatazwa, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Watu wa Kivinje walifanya nini? Waliiacha bahari, wakatembea. Misafara ilifuata nchi kavu kutoka Kilwa kwenda kaskazini. Mwingereza Frederic Elton alipita njia hiyo mwishoni mwa mwaka ule na mwanzo wa 1874, naye kwa muda wa mwezi mmoja tu alihesabu zaidi ya watumwa 4,000 wakipelekwa. Ndipo mwaka 1876 Barghash alipotoa amri nyingine, kukataza misafara ya watumwa hata nchi kavu.

Mwaka uleule wa 1876 msafara wa namna nyingine ulionekana katika pwani yetu. Askofu Edward Steere wa Misioni ya Vyuo Vikuu alishuka Lindi pamoja na kundi la watu waliokombolewa Unguja, waliotaka kurudi nchi walikotoka. Walikusudia kwenda mbali zaidi, katika nchi ya Wayao. Walipofika Masasi waliipenda nchi, wakakaa. Msomaji afikiri: watu waliokwisha kushuka pwani katika minyororo, sasa walipanda bara wakichukua mizigo yao wenyewe. Hapo ndipo ulipoanza mji wa Kikristo wa Masasi, na Yubilei nyingi za kusini zina mzizi katika mwendo ule.

Forodha ya Wadachi

Mtu angedhani ya kuwa biashara ya watumwa ikiisha, shauri la forodha nalo lingekwisha. Haikuwa hivyo. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani, pamoja na ushuru wake, kwa Kampani ya Wadachi. Mwezi wa Agosti watu wa Kampani walipokuja kuzishika forodha na kutweka bendera yao, pwani yote iliwaka moto. Mwezi wa Septemba waliuawa Kivinje Wadachi wawili wa Kampani, Hessel na Krieger, na ukumbusho wao uko katika mji hata leo. Mwezi wa Mei 1890 Wissmann akaja na manowari na askari, akauteka Kilwa, kisha Lindi.

Miaka mitano baadaye, Novemba 1895, akanyongwa Kivinje Hassan bin Omari, aitwaye Makunganya, pamoja na wenzake, baada ya kuwapinga Wadachi kwa muda mrefu. Mwembe walionyongewa waitwa Mwembe Kinyonga, na kila mtoto wa Kivinje aujua. Makunganya alipigana na wageni waliouteka mji. Tena alikuwa mfanya biashara ya watumwa. Yote mawili ni kweli, wala moja halifuti jingine. Mwenye kuandika historia hana ruhusa ya kuchagua upande mmoja wa daftari.

Serikali ya Wadachi ilileta deni la namna mpya. Tangu mwaka 1898 kila nyumba ilitozwa kodi, na watu wa bara waliokuwa hawana haja ya rupia wakalazimishwa kuitafuta. Baadaye wakalimishwa pamba katika mashamba ya amri. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, nyuma ya Kilwa, watu waling'oa pamba. Ndio mwanzo wa Vita vya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti.

Siku zilezile Askofu Cassian Spiss wa Shirika la Mtakatifu Benedikto alikuwa ameshuka Kilwa, akaenda bara akiifuata njia ya misafara kuelekea Peramiho, pamoja na mabradha wawili na masista wawili. Tarehe 14 Agosti, mahali paitwapo Mikukuyumbu, upande wa Liwale, waliuawa wote watano. Sisi huwakumbuka kwa majina yao, na yatupasa. Lakini vita vile vilipokwisha mwaka 1907, na njaa iliyoletwa na askari waliochoma vyakula, wenyeji waliokufa walikuwa wengi mno. Wataalamu hukadiria tangu 75,000 hata 300,000. Namba mbili zilizo mbali hivi zaonyesha ya kuwa mara hii hapakuwa na mtu aliyehesabu. Forodha ilimhesabu mtumwa kwa sababu ya faida. Aliyekufa kwa njaa katika Umatumbi hakuwa na faida kwa mtu.

Kutulia kwa mji

Utumwa wenyewe ulikomeshwa kwa sheria katika nchi yote mwaka 1922, chini ya Waingereza. Na Kivinje ilizidi kutulia. Meli kubwa haziwezi kukaribia ufuko wake. Pembe na watu, vilivyoutajirisha mji, havikuwapo tena. Wenye maduka walihamia Lindi na Dar es Salaam. Makao ya wilaya yakahamishiwa Masoko. Mwaka 1947 fedha nyingi zilikuja tena kusini kwa mpango wa karanga, Nachingwea ikiwa mahali pamoja, na reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mpango ukaachwa mwaka 1951, na serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Hata reli iking'olewa baadaye. Watu wa kusini walijifunza tena ya kuwa fedha huja kwa kishindo na kuondoka kimya.

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwaka 2003 daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto Rufiji, na njia ya kutoka Dar es Salaam ikawa nyepesi. Wageni hufika sasa kuyatazama majumba ya masultani. Wachache hugeuka kuingia Kivinje, kwa kuwa maghala na maduka yaliyobomoka hayapendezi macho kama kuba za misikiti ya kale. Walakini kama Kisiwani chatufundisha utukufu wa pwani, Kivinje yatufundisha gharama yake.

Daftari ya pili

Katika parokia zetu, tangu misioni za kwanza, iko daftari ya namna nyingine, nayo ni kitabu cha ubatizo. Humo mtu haandikwi kwa kichwa wala kwa ushuru. Huandikwa jina lake, jina la baba, jina la mama, na mahali alipozaliwa. Mara nyingi, katika misioni zilizowapokea waliokombolewa, mahali pa baba na mama paliachwa wazi, kwa maana mtoto hakukumbuka. Nafasi ile tupu yasema zaidi ya ukurasa uliojaa.

Tusijisifu kwa kitabu hiki. Misioni nazo zilinunua watoto sokoni kwa fedha ili kuwakomboa, na mara nyingine jina jipya lilipoandikwa, jina la kwanza lililotolewa na mama halikuandikwa. Na monstransi ya Lisbon yatukumbusha ya kuwa dhahabu iliyotwaliwa kwa nguvu haisafishiki kwa kuwekwa altareni. Walakini kitabu cha majina ni mwanzo mwema, nasi twaweza kukiendeleza.

Kwa hiyo, ndugu zetu, katika mwaka huu wa Yubilei twaomba jambo dogo. Wako wazee, Wakristo na Waislamu, na Waislamu ndio wengi Kivinje, ambao wangali wakijua ya kuwa bibi fulani alikuja na msafara, ya kuwa ukoo fulani ulitoka Unyasa, ya kuwa nyumba fulani ilijengwa kwa mali ya bara. Mara nyingi mambo haya hayasemwi, kwa kuwa mjukuu wa mtumwa huona aibu, na mjukuu wa bwana huona aibu pia. Yafaa yasemwe kwa upole, yaandikwe, wala yasitumiwe kumdhili mtu. Hapana mtu katika pwani yetu asiye na jamaa katika pande zote mbili za daftari ile. Nazo nyumba za njia ya forodhani zisiachwe kuanguka zote. Angalau moja itengenezwe, ili mwalimu awe na mahali pa kusimama na watoto wake akawaeleze.

Na siku atakaposimama hapo, awaonyeshe bahari na njia ya bara, awaambie namba ile, 97,203, kisha awaambie jina moja, Swema. Halafu amwulize kila mtoto jina la bibi yake, na jina la mama wa bibi yake, na nchi alikotoka. Atakayelijua na aliandike. Asiyelijua na aende nyumbani akaulize, wangali wapo wa kumjibu.